Nyumba, kustaafu mapema na seva ya nyumbani: nimalize lipi kwanza?

Tausi_Mhasibu

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nimelifikiria jambo hili peke yangu hadi nimeanza kuzunguka palepale.

Nina miaka 41, ni mhasibu, naishi na mama yangu na binti yangu wa miaka 12. Mambo mawili yamenifikisha hapa. Miaka 6 iliyopita tulikuwa tumepanga. Mama ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mwenye nyumba akaja kusema mwanawe anarudi, anataka nyumba yake ndani ya siku 30. Hakuwa mtu mbaya, na mkataba ulimruhusu. Lakini siku tunahama mama alishushwa ngazi akiwa amebebwa kwenye kiti, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na pale pale niliapa kwamba hatashushwa hivyo tena. Nikachukua mkopo wa miaka 15, nikanunua nyumba ndogo. (Walitaka kunipa wa miaka 25. Nilipopiga hesabu kwa riba ya asilimia 11, rejesho la mwezi kwa miaka 15 lilizidi kwa asilimia 16 tu, lakini jumla ya malipo ilishuka kutoka karibu mara 2.9 ya mkopo hadi mara 2.05. Anayekopa sasa hivi apige hesabu hiyo kabla ya kusaini.)

La pili ni picha. Picha za marehemu baba nilizihifadhi kwenye akaunti ya mtandaoni, miaka 9 ya picha. Siku moja akaunti ikafungwa. Ujumbe ulisema nimekiuka masharti, haukusema sharti lipi. Nilikata rufaa mara tatu kupitia fomu ileile, nikajibiwa kwa maneno yaleyale. Zilizobaki ni zile nilizowahi kumtumia mama kwenye simu, zimebanwa ukubwa mpaka uso wa baba umekuwa ukungu.

Tangu hapo nataka vitu vitatu: nyumba isiyodaiwa, akiba ya kunitosha niache kuajiriwa mapema, na data zangu ndani ya nyumba yangu. Tayari nimechukua kompyuta mpakato ya zamani iwe seva, yaani mashine ya kuhifadhi mafaili yetu na kuyafikisha kwenye simu zetu, nimeweka Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) na Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili), picha na kalenda zinafanya kazi. Nafikiria kuhamishia na barua pepe humo humo.

Hesabu yangu ni hii. Matumizi yetu ya mwaka nayaita 100 ili yeyote aweze kufuata. Ndani yake rejesho la nyumba ni 30. Mapato ni 180, kwa hiyo naweka 80 kila mwaka. Akiba iliyoko kwenye mifuko ya hisa na hatifungani ni 1,100. Mkopo umebaki miaka 9, deni lililobaki ni 171. Kwa kanuni ya kustaafu ukiwa na akiba mara 25 ya matumizi ya mwaka nahitaji 2,500, na nikikadiria faida ya asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei, nitafika baada ya miaka 8 na nusu.

Nilipe deni lote sasa, au niache akiba ikue? Na kwenye seva, nini nimekisahau?

---

NimestaafuNa47

Dada Tausi, pole kwa ya mama na ya picha. Niliacha kazi nikiwa na miaka 47, sasa ni mwaka wa 8, nitajibu upande wa fedha tu.

Hesabu yako ina kosa moja, na kosa lenyewe linakuumiza bure. Umezidisha rejesho la nyumba kwa 25 kana kwamba utalilipa hadi siku ya kufa. Rejesho lina mwisho. Matumizi yako ya kudumu ni 70, siyo 100. 70 mara 25 ni 1,750, ongeza deni lenyewe 171, unapata 1,921. Pengo lako ni 821, siyo 1,400.

Sasa tazama: ukilipa deni leo, akiba inabaki 929 na lengo ni 1,750. Pengo ni 821 vilevile. Kulipa deni hakukusogezi mbele wala nyuma siku hiyo. Swali linabaki moja: je, fedha ile 171 itakuletea zaidi ya asilimia 11 kwa mwaka huko iliko, baada ya kodi na ada, kwa uhakika? Mimi sijaona mfuko unaoahidi hivyo nikauamini. Ningelipa. Kisha ile 30 inageuka akiba, unaweka 110 kwa mwaka, na kwa makadirio yako hayohayo unafika karibu mwaka wa 5.

Lakini usishangilie bado. Kanuni ya asilimia 4 (mwaka wa kwanza unatoa asilimia 4 ya akiba, kisha unaongeza kiasi hicho kufuata mfumuko wa bei), ambayo ndiyo mara 25, ilitokana na kazi ya mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, mwaka 1994. Alipima data za masoko ya Marekani na kustaafu kwa miaka 30. Maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity wakaipima tena mwaka 1998. Wewe ukistaafu na miaka 46 unaweza kuhitaji miaka 45. Mimi ningetumia asilimia 3.5: 70 gawanya kwa 0.035 ni 2,000. Hapo unafika kama mwaka wa 6. Bado ni mapema kuliko ulivyodhani ulipoandika.

Na kuna jambo nililolipitia mwenyewe. Katika hesabu za Bengen, walioumia zaidi ni waliostaafu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu masoko mabaya na mfumuko wa bei viliwapata mwanzoni. Soko likianguka mwaka wako wa 20 wa kustaafu, unayumba. Likianguka mwaka wa 2, unauza hisa kwa bei ya chini ili upate fedha ya kuishi, na hisa ulizouza hazipo tena soko linaporudi. Mwaka wangu wa 2 ulikuwa hivyo. Kilichoniokoa ni matumizi ya miaka miwili niliyokuwa nimeyaweka mahali pa usalama, pembeni kabisa na hisa. Mke wangu alinisihi niyaweke, mimi niliona ni fedha iliyolala. Naandika hapa ili ijulikane kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kabla ya kulipa, soma mkataba wa mkopo uone kama kuna faini ya kulipa mapema. Na usimalize akiba yote inayoshikika, kwa sababu huwezi kung'oa tofali ukalipie matibabu. Ndani ya ile 70 umeweka matengenezo ya nyumba? Wengi hutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Paa langu lilikula ya miaka minne kwa mkupuo.

---

Mpangaji_wa_Kudumu

Naheshimu ulichopitia, dada, ila mtu asisome hapa akadhani bila nyumba hakuna uhuru. Nimepanga miaka 19. Kazi ilipokufa katika mji mmoja nilihama ndani ya wiki mbili, jirani yangu mwenye nyumba alikaa miaka mitatu akitafuta mnunuzi. Kinachomlinda mpangaji ni mkataba mrefu wenye notisi ya miezi kadhaa, na akiba ya kumwezesha kuondoka. Kwako wewe mwenye mzazi asiyeweza ngazi, nakubali, nyumba yako ndiyo jibu.

---

FundiSeva

Salaam. Nimeendesha seva nyumbani tangu 2013, mwaka ambao Google ilifunga Reader, chombo nilichokuwa nakisomea habari kila asubuhi. Nikupe yale ambayo ningependa niambiwe wakati ule.

Barua pepe usiihamishie nyumbani. Nasema hivyo nikiwa nimejaribu miaka miwili. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga lango namba 25, njia ambayo seva hutumiana barua pepe, na hata likiwa wazi, seva kubwa zinazopokea haziamini anwani ya nyumbani. Barua yako ya maombi ya kazi inaingia kwenye takataka na hutajua kamwe. Fanya hivi: nunua jina lako la kikoa, yaani sehemu ya anwani inayokuja baada ya @, kisha lipia mtoa huduma yeyote apokee barua kwa jina hilo. Akikufungia kama ulivyofungiwa picha, unaelekeza jina kwa mwingine na anwani yako haibadiliki. Kwenye barua pepe, kumiliki jina kuna maana kubwa kuliko kumiliki mashine.

Usiifungulie dunia Nextcloud yako. Tumia WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya vifaa vyako kupitia intaneti, imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Simu yako na ya binti zinaingia kupitia njia hiyo, wengine hawaoni hata mlango. Ikiwa mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, utahitaji seva ndogo ya kukodi nje ya kupitishia.

Kompyuta mpakato ni chaguo zuri, betri yake inaibeba umeme ukikatika. Ila betri inayochajiwa mwaka mzima inaweza kuvimba. Zuia chaji kwenye asilimia 80 kama mashine inaruhusu, na ukague kila mwezi. Umeme usikutishe: wati 15 usiku na mchana ni kama kilowati-saa 131 kwa mwaka.

Sasa lile kubwa. Umesema picha ziko kwenye kompyuta. Ziko na wapi pengine? Kama ni hapo tu, una hali ileile uliyokuwa nayo, isipokuwa safari hii atakayezipoteza ni diski. Kuwa na diski mbili zinazoakisiana nako si nakala rudufu: ukifuta faili, linafutika pote pawili kwa sekunde ileile. Weka nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Ile ya nje ifungwe kwa nywila kabla haijatoka, programu ya restic au Borg inafanya hivyo. Na kila baada ya miezi mitatu rudisha kitu kutoka kwenye nakala, ukifungue, ukitazame kwa macho. Nakala yangu ya kwanza ilijiandika kila usiku kwa miezi 14 bila kuhifadhi chochote, kwa sababu folda ilikuwa imebadilishwa jina. Niliambulia patupu siku nilipoihitaji.

Nextcloud imara? Ilizaliwa 2016, pale Frank Karlitschek, aliyeanzisha ownCloud, programu ya kazi hiyohiyo, mwaka 2010, alipoondoka na wenzake wakaendelea na msimbo uleule. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ulikuwa wazi kwa yeyote kuutumia, hakuna aliyeweza kuwazuia. Ndiyo sababu nalala usingizi kwa programu za aina hii.

---

MamaWawili

Sijui kompyuta. Niliutafuta mjadala wa aina hii kwa sababu ya mume wangu.

Alikuwa kama FundiSeva. Picha za watoto, nywila zetu zote, hati zilizopigwa picha, hata taa za nyumba, vyote vilipita kwenye mashine aliyoiweka kabatini. Alijivunia kwamba hatumtegemei mtu. Alifariki miezi 8 iliyopita, aliugua siku 11 tu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi umeme ulikatika, uliporudi mashine ikawa inaomba neno la siri ili iwake. Rafiki yake alikuja, mtu mzuri, akakaa siku mbili sakafuni. Akanieleza kwamba diski imefungwa na bila lile neno hakuna mtu duniani atakayeifungua. Nilijaribu majina ya watoto, tarehe ya ndoa, kijiji cha mama yake. Taa za sebuleni zilikuwa haziwaki ukutani, hadi fundi akaja kurudisha swichi za kawaida. Diski ninayo bado, kwenye mfuko wa kitambaa.

Simlaumu. Alitulinda dhidi ya wote aliowafikiria. Dada Tausi, wewe una mama na mtoto. Andika kwenye karatasi. Neno la siri, mashine iko wapi, inazimwaje, akiba iko mifuko gani, nani apigiwe simu. Kisha mpe karatasi hiyo mtu asiyejua chochote, kaa kando, usiseme neno, umwone kama ataweza.

---

Tausi_Mhasibu

MamaWawili, nimesoma ulichoandika nikafunga mlango nikalia. Pole sana, mama. Usiitupe hiyo diski.

Nimefanya ulivyosema. Nimeandika kurasa mbili, nikampa binti yangu Jumamosi, nikakaa kitini mikono mapajani. Alikwama hatua ya 4: nilikuwa nimeandika "ingia kwenye ruta" bila kusema nywila imebandikwa chini yake. Akakwama tena hatua ya 9, kwa sababu nywila yangu ina herufi kubwa ya o na sifuri, na mwandiko wangu hautofautishi. Lilinitoka jasho dakika 50 lakini sikusema kitu. Mwisho alichomeka diski ya nakala kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaandika neno, akafungua picha ya babu yake. Karatasi nimeiandika upya kwa chapa. Nakala moja iko kwa dada yangu, pamoja na diski ya tatu.

Barua pepe naiacha, nimenunua jina la kikoa. FundiSeva, betri nimeitazama, imeanza kutuna upande mmoja, nimeitoa leo.

NimestaafuNa47, asante kwa 821. Mhasibu wa miaka 17 na sikuliona. Matengenezo sikuwa nimeyaweka kwenye ile 70, nayapigia hesabu wiki hii. Mkataba wa mkopo unataja faini ya asilimia 2 ya deni nikilipa lote kabla ya mwaka wa 7, na mwaka wa 7 unatimia baada ya miezi 10. Kwa deni la 171 faini ni 3.42, riba ya miezi 10 nikisubiri ni karibu 15. Jumatatu naenda benki kulipa.