Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilimfanya mwajiri akukubali?

Bahasha ya Kaki: Habari za majukumu, wakuu. Mdogo wangu kamaliza chuo, ana stashahada ya ugavi na ununuzi, yuko mtaani anasaka ajira. Kila anayemshauri anamwambia avae suti, atabasamu, amkazie msaili macho. Hiyo ya macho mie siiafiki. Mkazie macho mzee aliyekaribia kustaafu uone kama hajakuhesabu huna adabu. Nataka yaliyotokea kweli: uliitwa, ukaingia, nini kikafanya wakuchukue? Na nyie mnaoajiri msijifiche.

Naanza mimi. Niliomba kazi ya kaunta kwenye duka la dawa. Mwenye duka akanipa karatasi ya daktari, mwandiko kama kuku kaparura, akaniuliza mgonjwa huyu ningempa nini. Nikamwambia, "Mama, hii sijaisoma. Ningempigia kwanza daktari aliyeandika." Akaikunja, akaniuliza naweza kuanza lini. Baadaye akaniambia wenzangu wote walibuni jina la dawa.

Gia ya Tatu: Mimi dereva. Tangazo lilitaka cheti cha kidato cha nne, leseni daraja C au E, na mafunzo ya VETA (vyuo vya ufundi stadi) au NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji). Tulioitwa wote tulikuwa nayo makaratasi hayo, kwa hiyo hapo hakuna aliyemzidi mwenzake. Siku ya vitendo tukapewa Land Cruiser moja, unaingia kwa zamu, msaili yuko kiti cha abiria na fomu yake. Waliotangulia wakipokea ufunguo wanawasha na kuondoka kwa mbwembwe. Mwalimu wangu wa VETA alikuwa mkali mno, basi mikono ikaenda yenyewe. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Nikatazama maji ya rejeta. Nikainama kuona kama kuna kinachovuja, nikazunguka tairi zote. La nyuma kushoto upepo mdogo, nikamwambia.

Akajibu bila kuinua kichwa: "Tunajua. Tumelipunguza sisi."

Barabarani tulikwenda mpaka mzunguko wa kwanza tu, akasema geuza turudi.

Mama Masijala: Nipo upande wa pili wa meza, kampuni binafsi, Mwanza. Barua zinazoletwa jamani! Mtu kanakili barua aliyoipeleka kwingine, jina la kampuni ile bado lipo aya ya pili. Hiyo naiweka pembeni, sisomi zaidi.

Ila niwape moja ambayo watu hawaijui: wadhamini. Mnaandika majina matatu mwishoni mwa wasifu, halafu hamuwaambii. Nikimpigia anauliza, "Nani huyo?" Juzijuzi tulimpigia mdhamini wa binti mmoja, alimsimamia fildi. Kabla sijamaliza kujitambulisha akasema, "Ni ile nafasi ya uhasibu msaidizi, siyo?" Akaeleza binti alivyokuwa akilinganisha daftari la fedha kila jioni kabla ya kuondoka, na siku moja alivyokataa kutoka mpaka ipatikane tofauti ya shilingi mia tano. Kumbe binti alishampelekea tangazo na nakala ya wasifu wake. Yule alikuwa amefaulu nusu ya usaili akiwa kwao.

Na simu zenu, tafadhali. Ukiwa unatafuta kazi, namba ngeni ipokee kwa "Habari, naongea na nani?" Siyo "Sema!"

Chuma Chakavu: Nondo nzuri, lakini tusidanganyane. Bila koneksheni unapoteza nauli tu.

Kanzidata: @Chuma Chakavu kujuana kupo, sikatai. Ila mie nimeingia serikalini kupitia Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, bila kumjua hata mlinzi wa getini. Pale Sekretarieti ya Ajira mambo huanzia mezani kwa wahakiki. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho. Ukija na matokeo ya muda unarudishwa. Dada aliyekuwa mbele yangu Dodoma, cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne Khadija. Nikajua safari imeishia hapo. Akafungua faili, akatoa hati ya kubadili jina, imesajiliwa, ina mhuri. Akapita. Mwingine nyuma yetu alianza kulalamika kwamba ni herufi moja tu.

Kwenye mahojiano niliambiwa nijieleze. Nilishasikia wengi huanza na kuzaliwa na shule ya msingi. Mimi niliomba utunzaji wa kumbukumbu, nikaanza na faili: namna ninavyolipokea, ninavyolisajili na kufuatilia liko kwa nani. Wakanikatiza kwa maswali, na mazungumzo yakawa ya kazi. Sikupangiwa mara moja, nilifaulu nikawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, simu ya kituo ikaja baadaye sana. Kwa hiyo laini ya simu usiitupe.

Mpishi wa Diani: Huku pwani ya Kenya, meneja wa hoteli ataka kwanza cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na kile cha afya cha wanaoshika chakula. Huna, hata jikoni huingii. Ukiwa navyo, utapewa jiko na saa yako. Mimi nilipika samaki wa kupaka, na yule mpishi mkuu alionja kijiko kimoja tu. Muda mwingi alitazama ubao wangu: samaki nimemkatia wapi, kitunguu nimekikatia wapi.

Sufuria Nne: Wakuu, mimi nina usaili wa jikoni Alhamisi, Arusha. Nibebe kisu changu au nitaonekana najishaua?

Mpishi wa Diani: Beba, kiwe kimenolewa. Na vitambaa viwili, kimoja cha mikono.

Mama Masijala: Na kucha, mwanangu. Kata leo.