Meli ya kitalii au tujipangie wenyewe? Mediterania na mama, mwezi wa tisa

Pwani_Moja: Habari za humu, wakuu. Natoka Dar na mama, siku 10. Ana miaka 68, goti la kushoto linamsumbua. Nimeona meli ya siku 7: Barcelona, Marseille, Genova, Roma, Palermo, Tunis. Kula na kulala humo humo. Mdogo wangu anasema huko ni kufungiwa hotelini, bora treni na vyumba vya kupanga. Mama yeye hamu yake ni Basilika ya Mtakatifu Petro, mengine yote kwake ni ziada. Nishaurini.

nahodha_nchikavu: Hapo kwenye "Roma" soma vizuri, mkuu. Meli inatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Unatoka gatini kwa basi, unapanda treni, saa nzima na ushei. Mkishuka saa 2 asubuhi na meli inawataka saa 10 jioni, toa safari, toa foleni ya ukaguzi pale uwanja wa Basilika, mmebaki na nini? Na ukijiendea mwenyewe ukachelewa, meli haikungoji. Mimi nilirudi nimesimama kwenye mlango wa treni, viatu vya mke wangu mkononi, yeye pekupeku, miguu malengelenge matupu.

mke_mwema: Sawa, ila goti je? Mimi nilimpeleka mama mkwe Napoli bila meli. Chumba ghorofa ya nne, lifti ya kutumbukiza sarafu, na siku tunafika imekufa! Alipanda akipumzika kila kona, hakunisemesha mpaka chai ya jioni. Pompei, yale magofu ya mji wa kale karibu na Napoli, nako ni mawe matupu, tena hayako sawa. Kwenye meli sanduku mnalifungua mara moja tu, mama akichoka anabaki kuangalia bahari.

Viza_Kwanza: Kabla ya goti, viza. Tunis iko nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mkifika huko mmeshatoka, na viza ya kuingia mara moja haitawarudisha Barcelona. Ombeni ya kuingia mara nyingi. Euro 90 kwa kichwa, bima isiyopungua euro 30,000. Tunisia nao waulizeni masharti yao. Halafu ile bei ya tangazo, angalia kama imehesabu bakshishi ya kila siku na vinywaji. Mara nyingi haijahesabu.

Pwani_Moja: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kacheka ya lifti mpaka kashika goti. Meli basi, anasema boti ya Zanzibar inamtosha. Tunakaa Roma tu, siku zote 10.

nahodha_nchikavu: Jumatano Papa akiwa mjini huwa anakutana na watu uwanjani. Tiketi ni bure, msiuziwe na mtu.

Pwani_Moja: Hapo umenipa kitu. Sasa mwenye kuijua mitaa ya karibu na Vatikani aniambie: chumba cha chini, au lifti isiyokula sarafu.