Wakuu, hataza (patent, haki ya mgunduzi) ya India inaweza kuzuia maombi yangu BRELA, wakala wa usajili? (mashine ya kubangua korosho)

fundi_newala: Habari zenu wakuu. Nimetengeneza mashine ya kubangua korosho ya mkono, ina visu viwili na nyuma ya kisu cha juu nimeweka springi, kwahiyo korosho kubwa kwa ndogo zinapita bila kuchambua saizi kwanza na kiini kinatoka kizima. Najiandaa kuomba hataza, jana dogo mmoja akanionesha Google Patents kuna ya India ya 2009, visu karibu sawa na vyangu. Huyo jamaa hajawahi kusajili Tanzania, mi naona haituhusu, ila mwenzangu anasema nitapigwa chini. Na je nikiiuza hapa anaweza kunishtaki? Naombeni msaada, hii kitu nimeipigania sana.

mdau_mikindani: Mkuu hayo maswali mawili usiyachanganye. Kushtakiwa hapa, hapana, hataza inalinda kwenye nchi iliposajiliwa tu na muda wa kuileta huku ulishapita zamani, mkataba wa Paris unampa miezi 12 tangu aombe kwao, na hata angepitia PCT (mkataba wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja), ARIPO, shirika la hataza la kanda ya Afrika, wanapokea mpaka miezi 31 basi. Ila upya unapimwa dunia nzima. Kitu kikishachapishwa India, China, popote, kwa mkaguzi sio kipya tena, hata kama hataza yenyewe imekufa kwa kutolipiwa ada. Kwahiyo visu viwili vitupe, omba springi.

wakili_msomi: Naongezea hapo. Watu wengi wanasoma madai tu (sehemu inayotaja kinacholindwa) wanapumua, mkaguzi anasoma maelezo na michoro yote, springi ikionekana hata kwenye mchoro mmoja imekula kwako. Na isipoonekana bado anaweza kuchukua hiyo ya India akaunganisha na mashine ya karanga yenye springi akasema fundi yeyote angewaza hivyo. Hapo ndo maombi mengi yanakwama. Andika springi inafanya nini hasa, pima viini vinavyovunjika ukiwa nayo na ukiitoa, weka namba. Tafuta pia Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, zote bure.

fundi_newala: Asanteni sana wakuu. Nimepitia michoro yote, kisu chao kimefungwa kwa bolti, hakuna springi. Kuna mteja Msumbiji na mwingine India wanaitaka, vipi?

mdau_mikindani: Msumbiji angalia kwanza kama kuna iliyosajiliwa. India usipeleke hata moja kabla hujajua kama ile bado inalipiwa ada, ikiwa hai inadumu miaka 20 tangu kuombwa, na kama mashine yako ina kila kitu kilichotajwa kwenye dai lao basi springi yako haikuokoi, unakuwa umeingilia hata ukiwa na hataza yako mkononi.

fundi_newala: Duh, sawa. Nanenane nilishalipia banda niioneshe.

wakili_msomi: Fungua maombi kabla ya Nanenane mkuu, tafadhali. Ukiionesha kwanza hadharani sio kipya tena, hataza ya Ulaya umeshaikosa.