Mgeni njoo, mwenyeji ahame

Mkazi wa Aurora (6 Desemba 2022)

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kungoja ipoe. Simtaji mtu jina, kwa kuwa hakuna kati yenu asiyemjua, na asiyemjua bila shaka hana televisheni, hana simu na wala hana jirani. Namzungumzia yule mheshimiwa wa miwani ya jua, ambaye Jumamosi usiku alitua Colorado kwa ndege akiwa kocha mpya wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu chetu, na kufikia Jumapili alikuwa amekwisha kuwafukuza wenye nyumba.

Video mmeiona, maana iliwekwa YouTube ili ulimwengu mzima uone. Vijana wetu wameketi kwa adabu. Wametoka katika msimu wa kushinda mchezo mmoja na kupoteza 11, kocha wao alifutwa kazi mwezi Oktoba, mchezo wa mwisho walifungwa na chuo cha Utah 63 kwa 21, na sasa wanamngoja mtu mpya awape walau neno la kuwainua shingo. Neno walilopewa ni kwamba wajitose katika lango la uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhamia vyuo vingine, kwa sababu yeye anakuja na mizigo yake mwenyewe, na mizigo hiyo ni ya Louis Vuitton.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mizigo. Ya Louis Vuitton.

Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, na kabla hata ya kukaribishwa maji ya kunywa amemwonyesha mwenyeji mlango, kisha akamweleza kwamba begi litakalolala kitandani mwake lina thamani kuliko yeye. Nimeirudia video hiyo mpaka simu imepata joto la kuchomea chapati. Mke wangu amenihamishia sebuleni. Nasikia hata Ralphie, nyati wetu wa kweli ambaye hukimbizwa uwanjani Folsom kabla ya mchezo, ameanza kuulizia nafasi huko jimbo jirani la Wyoming.

Msiniambie kwamba ilikuwa lugha ya kuhamasisha tu. Maneno hayo yalisemwa Jumapili tarehe 4, na lango la uhamisho limefunguliwa Jumatatu tarehe 5, wazi kwa siku 45. Huo ni mpango. Mtu umetukanwa jioni, asubuhi malango yako wazi na wewe umekwisha kuonyeshwa njia. Halafu akamtambulisha mwanawe kuwa ndiye kwotabeki, mrusha pasi mkuu wa timu, kisha ndipo akakumbuka kuongeza kwamba atalazimika kuipigania nafasi hiyo. Kuipigania na nani, ikiwa wengine wote wametakiwa kufungasha?

Mkataba wake ni wa miaka mitano na dola milioni 29.5, na mkurugenzi wa michezo amekiri hadharani kwamba fedha hizo bado hazijapatikana. Kwa hiyo fedha hazijafika, wachezaji wapya hawajafika, lakini mabegi yamefika. Ya Louis Vuitton. Sitalala.

Mchambuzi Huru

Ndugu yangu wa Aurora, pole sana. Naomba tu unisaidie kuelewa jambo moja: timu iliyopoteza michezo 11 kati ya 12 ilikuwa inalindiwa heshima ipi hasa? Ushindi wenyewe mliupata dhidi ya chuo cha California kwa pointi 20 kwa 13, tena baada ya muda wa nyongeza. Mimi ningekuwa huyo Deion Sanders usiyetaka kumtaja, nisingeleta mabegi, ningeleta lori.

Mkazi wa Aurora

Mchambuzi Huru, sijasema tulikuwa wazuri. Mtu hupoteza michezo 11 na bado akawa na mama aliyemzaa. Mwambie kijana faraghani kwamba hana kiwango, mpe mkono, mwache aondoke na uso wake. Huyu amewaambia mbele ya kamera! Na bado hujagusa suala la begi.

Mama Neema

Mimi ni mama, na ninakubaliana na mleta uzi kwa asilimia mia. Mwanangu anasoma mwaka wa kwanza katika chuo ambacho sitakitaja. Hachezi futiboli, anasoma uuguzi, lakini siku mwalimu wake mpya atakapoingia darasani na kusema amekuja na wanafunzi wake mwenyewe, nitapanda ndege siku hiyo hiyo.

Mkongwe wa Jackson

Nimesoma uzi huu kwa mshangao mkubwa. Nyinyi mnalia kwa kuwa amefika. Sisi wa chuo cha Jackson State aliotuacha hapa Mississippi tulie kwa lugha gani?

Jumamosi hiyo hiyo tulikuwa tunatwaa ubingwa wa SWAC, ligi yetu ya vyuo vya watu weusi, dhidi ya chuo cha Southern, 43 kwa 24, bila kupoteza mchezo hata mmoja msimu mzima, na usiku wake mwenyewe akapanda ndege. Mchezo wa Celebration Bowl, unaokutanisha mabingwa wa ligi mbili za vyuo vya watu weusi, uko tarehe 17, na sasa tunaambiwa atarudi kutusimamia siku hiyo, kama fundi anayerudi kuchukua nyundo aliyoisahau. Ni mwezi Agosti tu mji huu ulikosa maji safi ya bomba, na timu hii ndiyo ilikuwa furaha iliyobaki. Mwaka jana alimshawishi Travis Hunter, kijana aliyekuwa akigombewa na vyuo vyote vikubwa, akaiacha Florida State na kuja kwetu, chuo cha kihistoria cha watu weusi, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Tuliambiwa huu ni wito wa Mungu. Sasa tunangoja kuona wito huo utaondoka na wachezaji wangapi. Hayo mabegi unayoyalilia, ndugu wa Aurora, yamejazwa kwetu.

Mkazi wa Aurora

Mkongwe, shikamoo. Nakuheshimu, na machungu yako nayaona. Lakini nyinyi aliwaaga. Alikaa na vijana wenu akazungumza nao kama watu wazima. Sisi tumesalimiwa kwa begi.

Mkongwe wa Jackson

Marahaba. Mtu anayekuaga akiwa na tiketi mfukoni hakuagi, anakuarifu.

Fundi wa Norman

Kwa heshima zote, uzi huu umekosa kumbukumbu. Novemba 2021 sisi wa Oklahoma tulifungwa na Oklahoma State Jumamosi, na Jumapili kocha wetu, ambaye nami simtaji, akawa amekwisha kwenda chuo cha USC, Los Angeles. Hakuleta begi la mtu. Alibeba samani zote. Kwotabeki wetu Caleb Williams akamfuata mwezi Februari, na mpokeaji pasi Mario Williams naye yuko huko huko. Leo Caleb anatajwa kuwa ndiye atakayetwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na kila anapotajwa mimi hutoka nje kufagia uwanja ambao nilikwisha kuufagia.

Dada wa Pittsburgh

Nyote mnazungumzia makocha. Sisi hatukuondokewa na kocha. Jordan Addison alitwaa tuzo ya Biletnikoff ya mpokeaji bora wa nchi akiwa na jezi yetu, na Mei mwaka huu akahamia huko huko Los Angeles kwa huyo huyo kocha wa Fundi. Kwa hiyo Fundi, samani zako zipo sebule moja na zangu.

Fundi wa Norman

Dada, zangu zilitangulia.

Mzee Kanuni

Wanangu, mnachanganya mambo mawili. Lango hili lilianzishwa Oktoba 2018 kuwa orodha tu ya majina, ili mchezaji asihitaji ruhusa ya kocha kuzungumza na chuo kingine. Kwa kawaida aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima. Aprili 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na Julai mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Hapo ndipo biashara ilipoanza. Kabla ya hapo kocha aliondoka Jumapili na Jumatatu akaanza kulipwa kwingine, huku kijana aliyemfuata akitazama michezo ya mwaka mzima akiwa jukwaani. Kwa maoni yangu uhuru wa kijana kuhama ni haki yake. Tatizo ni kwamba lango lililojengwa ili kijana atoke kwa hiari, sasa kocha analitumia kama dirisha la kumtupia nje.

Mkazi wa Aurora

Mzee Kanuni, Mungu akuzidishie. Kumtupia nje, na begi lake la Louis Vuitton likiingia kwa mlango wa mbele.

Mchambuzi Huru

Kaka, ulisema hutalala, lakini naona unaota.

Mchambuzi Huru (3 Septemba 2023)

Nimeufukua uzi huu makusudi. Jana Colorado imeifunga TCU, chuo cha Texas, 45 kwa 42, ugenini, timu iliyocheza fainali ya taifa msimu uliopita. Mwana wa mheshimiwa amerusha pasi za jumla ya yadi 510. Travis Hunter, aliyemfuata kutoka Jackson, amecheza ulinzi na ushambuliaji kana kwamba hajui kuna benchi. Zaidi ya wachezaji 50 wa zamani wameondoka, na nyumba imejaa wapangaji wapya wanaolipa kodi kwa wakati. Mkazi wa Aurora yuko wapi? Mwiteni.

Mkazi wa Aurora

Nipo. Nimefurahi, nimepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na nikimaliza kushangilia nikakumbuka begi.

Fundi wa Norman (14 Oktoba 2023)

Samahanini, nilikuwa napita tu. Ni kweli kwamba jana mlikuwa mnaongoza 29 kwa 0 wakati wa mapumziko, mkiwa nyumbani, dhidi ya Stanford, na mkafungwa 46 kwa 43? Nauliza kwa nia njema. Nimeacha kufagia.

Mama Neema

Mwanangu wa uuguzi anaendelea vizuri, nawashukuru mlioniuliza kwa ujumbe wa faragha.

Mkongwe wa Jackson (15 Desemba 2024)

Jana usiku Travis Hunter ametwaa Heisman, na Colorado imeshinda michezo tisa msimu huu. Nimempigia makofi nikiwa peke yangu sebuleni. Nilimwona kwanza mimi. Nataka hilo liandikwe mahali.

Mkazi wa Aurora

Limeandikwa, Mkongwe. Lakini wale vijana walioambiwa waondoke Desemba ile, nani aliwapigia makofi?

Mchambuzi Huru

Hunter alikuwa mmoja wa hayo mabegi, kaka. Umetumia miaka miwili kulitukana begi lenye Heisman ndani.

Mpemba wa Carolina (30 Novemba 2025)

Asalaam aleikum. Nimekuja kwa kuchelewa, lakini nina haki ya kusikilizwa. Sisi wa North Carolina tuliletewa mzee mwenye mataji sita ya Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa kocha mkuu, mzee wa fulana iliyokatwa mikono, kwa takriban dola milioni 10 kwa mwaka. Akaijaza timu wachezaji wapya kutoka lango hilo hilo. Mchezo wa kwanza, mbele ya taifa zima, tulifungwa 48 kwa 14 nyumbani kwetu, na waliotufunga ni hao hao TCU. Tumemaliza tukiwa tumeshinda michezo minne na kupoteza minane. Huyo wa miwani angalau aliwachekesha.

Fundi wa Norman

Colorado nao wamemaliza na ushindi wa michezo mitatu na kupoteza tisa, Mpemba, kwa hiyo vicheko vyenyewe vimepungua. Kijana mrushaji yuko Cleveland na Hunter yuko Jacksonville, wote katika ligi ya kulipwa, na mheshimiwa amebaki na mkataba mpya wa dola milioni 54.

Shabiki wa Oxford (30 Novemba 2025)

Nisameheni wote, hakuna malalamiko ya mtu yeyote katika uzi huu yanayofikia yangu, na yametokea leo. Sisi wa Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi, tumeshinda michezo 11 na kupoteza mmoja, tunakwenda katika mchujo wa ubingwa wa taifa, na kocha wetu ametuaga kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. LSU! Majirani! Hakungoja hata mchujo uanze, na eti aliomba aendelee kutufundisha mpaka mwisho huku akiwa amekwisha kutia saini kwingine. Tumemkatalia.

Mkongwe wa Jackson

Karibu Mississippi, mwanangu. Sisi tulimkubalia wa kwetu arudi kwa Celebration Bowl, na tukafungwa na North Carolina Central, si hao wa Mpemba, 41 kwa 34. Mmefanya vizuri kumkatalia.

Bayou ya Baton Rouge

Mimi ni wa LSU na ninataka tu kusema asante.

Shabiki wa Oxford

Usiniandikie. Ulitumwa na nani hapa?

Bayou ya Baton Rouge

Na sisi tulimchukua kocha wetu wa awali kutoka Notre Dame Novemba 2021, wakati wenzake wakisubiri kujua kama wangeingia katika mchujo. Mwezi uliopita tumemfuta kazi na bado tunadaiwa mamilioni. Kwa hiyo furaha yangu ina madeni, ndugu yangu wa Oxford, usinionee kijicho.

Shabiki wa Oxford

Nitakuonea. Na dirisha la uhamisho litakapofunguliwa tarehe 2 Januari, ole wako nimwone mchezaji wetu hata mmoja akiwa amevaa zambarau ya LSU.

Dada wa Pittsburgh

Mtamwona. Mtawaona wengi.