Familia ya Bibi Kibuli

Zaituni 06:12: Assalaam aleikum familia. Kesho tunatembea na Rehema. Tunaanzia kwa Bibi, tunapanda hadi msikitini, tunashukia upande wa pili. Saa kumi na mbili kamili, si ile saa yenu ya arusi. Nani yuko?

Zaituni 06:40: Tiki za buluu naziona.

Juma 07:55: Mimi niko. Rolex ya kushukia, ile chapati ya mayai, nani analipa?

Musa 07:56: 😂😂 Huyu anafuata chapati

Zaituni 08:03: Juma, sitaki mzaha. Rehema kakatwa tumbo apungue, kazi haijaisha. Kilo zikitoka haraka hivi, si mafuta peke yake, na misuli inaondoka. Daktari kasema dakika 150 za kutembea kwa wiki na siku mbili za kunyanyua vitu. Akikaa tu, uzito utarudi kidogo kidogo, na sisi tulichanga.

Sauda 08:10: "Tulichanga"? Wengine walichanga, wengine waliahidi.

Musa 08:11: Yarabi, daftari hilo tena

Sauda 08:12: Daftari ninalo. Na ukurasa wa mbuzi upo.

Juma 08:12: MBUZI ALIKUFA MWENYEWE

Zaituni 08:14: Jamani! Saa kumi na mbili.

Rehema 11:31: Samahani, nilikuwa kazini. Ngazi za ofisini sihemi tena, alhamdulillah. Ila juzi nilimbeba mtoto wa Sauda kutoka barabarani hadi mlangoni tu, mikono ikatetemeka kama nimetoka kwenye malaria. Sasa nanyanyua jerikeni ya lita 5 jikoni, mara kumi kila mkono. Sahani naanza na mayai au samaki, matoke yangoje nafasi ikibaki. Pete nimeizungushia uzi isidondoke.

Juma 11:33: Ukimaliza na jerikeni nitekee na mimi maji

Bibi Hajati 12:50: 🎤 0:24

Musa 12:58: Kwa walio kazini, Bibi anasema: "Juma, alipokuwa mnene ulimwita tanki, nikanyamaza. Leo kapungua, umemfanya mchota maji. Kesho nitakaa mlangoni na fimbo yangu, niwahesabu wanaopita."

Juma 14:20: Nisamehe Bibi. Na wewe da Rehema.

Rehema 14:41: Yameisha.

Zaituni 14:42: Haya, majina!

Musa 17:45: Kesho niko zamu. Jumapili je?

Sauda 17:52: Jumapili hitima.

Zaituni 17:53: Musa!!!

Rehema 18:30: Mimi nitapanda kesho. Atakayekuja anikute kwa Bibi.

Amri 22:58: Ndiyo nafungua simu. Mbuzi gani tena?