Naombeni ushauri: namaliza chuo Marekani, niende tenisi ya kulipwa ya wawili wawili au nishike kazi?

Muokota_Mipira (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Najua uzi wa tenisi haupati watu kama wa mpira wa miguu, ila jambo hili linaninyima usingizi na nyumbani sina wa kumuuliza.

Nilianza kuokota mipira kwenye klabu moja Arusha nikiwa darasa la nne. Tenisi ikanipa ufadhili wa kusoma uhasibu Marekani, chuo kilicho daraja la kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huku, na Mei namaliza. Mmoja mmoja mimi ni wa kawaida, nacheza namba sita na siku nyingine sipangwi. Ila wawili wawili tunacheza namba moja, mimi na Mbrazili anayetumia mkono wa kushoto.

Kwa wasioujua mchezo wa vyuo: pambano la timu lina pointi saba. Sita ni za mmoja mmoja, moja ni ya wawili wawili. Hiyo moja wanaigombania jozi tatu kwa seti moja moja ya gemu sita, na timu inayoshinda jozi mbili ndiyo inaibeba. Gemu ikifika sare ya arobaini kwa arobaini inapigwa pointi moja tu ya kuamua, na jozi inayopokea sevu ndiyo inachagua nani apokee. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunashauriana. Siku hizi mwenzangu haulizi, anasogea tu karibu na wavu na kuniachia.

Sasa anataka twende kulipwa. Kiangazi kilichopita tulijaribu wiki tatu Monastir, Tunisia, mashindano ya M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanaume. Nusu fainali mara mbili, raundi ya kwanza mara moja. Niliporudi nikaandika kwenye daftari nauli, chumba tulicholala wawili, chakula na nyuzi za raketi. Zawadi zote nilizopata hazikufika hata nusu ya nauli.

Upande wa pili nina ofa ya kazi ya ukaguzi wa hesabu, inaanza Agosti. Mama ana genge la mboga soko la Kilombero, wadogo zangu wawili wako sekondari. Nina miaka 23. Nifanyeje?

Dada_wa_Themi

Shika kazi mdogo wangu. Ada za wadogo zako hazisubiri nusu fainali.

Kocha_Mstaafu

Mleta uzi, hongera kwanza. Kutoka kuokota mipira mpaka namba moja ya jozi chuoni si jambo dogo.

Nikupe hesabu ambayo wengi hawaambiwi. Kwenye M15, yenye zawadi ya jumla dola 15,000, bingwa wa mmoja mmoja anaondoka na dola 2,160. Jozi bingwa inapata 930, na hiyo ni ya jozi, mnagawana. Yaani mmeshinda mechi nne, hamjapoteza hata moja wiki nzima, kila mtu anapata 465 kabla ya makato. Kwa ngazi hiyo hakuna anayeishi kwa wawili wawili. Unalipia nafasi ya kukusanya alama ili upande kwenye Challenger, mashindano ya ngazi ya juu zaidi, na huko jozi zinaingia kwa kujumlisha viwango, yaani nafasi za kidunia, vya wachezaji wote wawili. Mmoja akiwa chini sana anamvuta mwenzake.

Ila usikate tamaa, kwa sababu wawili wawili ndiyo njia ambayo watu wa vyuo wamefika juu kabisa. Rajeev Ram alikuwa chuo cha Illinois, mwaka 2003 akabeba ubingwa wa vyuo wa wawili wawili pamoja na wa timu. Joe Salisbury alitoka Memphis. Hao wawili wakashinda US Open, mashindano makubwa ya Marekani, wawili wawili mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Austin Krajicek alibeba ubingwa wa vyuo 2011 akiwa Texas A&M, akaja kushinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, wawili wawili 2023.

Sasa angalia miaka. Ram alifika namba moja duniani 2022, ana umri wa miaka 38. Toka 2003 ni miaka 19! Mchezo huu unalipa watu wakiwa wamekomaa. Kipaji chako umeshatuonyesha, kijana wangu. Ninachotaka kujua ni nani atalipia hiyo miaka ya katikati.

Boksi_Ohio

Nakazia hapo kwa kocha, na naongeza la viza ambalo hakuna aliyeligusa. Ukiwa na F-1, viza ya mwanafunzi, baada ya kuhitimu unaomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako kwa miezi 12. Ndani ya muda huo ukifikisha jumla ya siku zaidi ya 90 bila kazi, umevunja masharti. Ukienda kuzunguka Tunisia na Misri huku huna mwajiri, siku zinahesabiwa. Maombi yanafunguliwa siku 90 kabla ya masomo kuisha, kwa hiyo nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hii hii, usingoje joho.

Halafu kuna njia ya tatu. Vyuo vingi vinachukua mchezaji aliyehitimu awe kocha msaidizi huku anasoma shahada ya pili. Unabaki mwanafunzi, unapiga mipira kila siku, na kiangazi ni chako.

Mkenya_Nakuru

Huku kwetu Paul Wekesa alipita chuo Marekani, akashinda mataji matatu ya ATP, mashindano ya juu ya tenisi ya wanaume, yote ya wawili wawili. Na Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana 2022, wawili wawili na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, kisha bado akaenda kusoma Auburn. Kwa hivyo usione haya kuweka masomo mbele, ndugu yangu.

Lakini nikuulize. Huyo Mbrazili akipata mwenzake mwenye kiwango bora, atakungoja?

Muokota_Mipira

Mkuu umegusa penyewe. Babu yake ni Mtaliano, kwa hiyo ana pasipoti ya Italia. Anaweza kwenda Ujerumani kuchezea klabu za ligi kiangazi, ambako wanalipa kwa mechi. Mimi kila nikitaka kuingia Ulaya ni kuomba viza ya Schengen na kusubiri. Hajawahi kuniambia ataniacha. Ila Monastir nilimuona akiongea na Mfaransa mmoja, na usiku ule sikulala vizuri.

Boksi_Ohio, ile ya kocha msaidizi sikuwahi kuiwaza. Nashukuru sana.

Dada_wa_Themi

Mama umemwambia?

Muokota_Mipira

Bado, dada. Anajua kuhusu kazi tu.

Dada_wa_Themi

Mwambie kabla hujaamua. Ukimwambia umeshaamua ataitikia tu ili usiumie, na hutajua anachofikiri.

Kocha_Mstaafu

Kuhusu mwenzako, mwekeane muda. Kaeni chini mseme: miezi 18, tukiwa hatujaanza kuingia Challenger kwa viwango vyetu, kila mtu yuko huru. Jozi nyingi zinavunjika kwa kuoneana aibu kusema.

Muokota_Mipira

Marejesho. Nimeongea na mama jana. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hiyo nafasi ya ukocha ina bima ya afya. Nikamwambia nitauliza. Akasema niulize kwanza, mengine baadaye.

Chuo cha jirani kina nafasi moja, majibu yao yanakuja Aprili. Nikiipata naandikia kampuni ile barua ya kukataa na Juni tunarudi Monastir. Nikiikosa naingia ofisini Agosti. Mwenzangu amekubali ile miezi 18, tumepeana mkono.

Mwalimu_Ngarenaro

Mdogo wangu, nafundisha watoto tenisi hapa Arusha, tuko 14 kwa raketi sita. Nasikia huko vyuoni mipira ikitumika siku mbili tatu inawekwa pembeni. Ukija likizo, unaweza kutubebea begi moja?

Muokota_Mipira

Mwalimu, nitaleta mawili. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha.