Naomba ushauri: wasifu wa baba aliyependa msitu kuliko sebule

Wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Mwezi ujao tutafanya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba yetu afariki, nyumbani Marangu, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake kwa dakika 5. Kaka yangu mkubwa ameshaniletea mpangilio uliozoeleka: alizaliwa, alibatizwa, aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11. Yote ni kweli, lakini nikiyasoma simwoni baba.

Baba niliyemfahamu alikuwa mtu wa nje. Kila Jumamosi alfajiri alivaa mabuti ya mvua, akachukua fimbo yake na kupandisha kuelekea ule ukanda wa msitu tunaouita Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo. Aliyebahatika kufuatana naye alifundishwa kuutambua msesewe kwa uchungu wa gome lake, ambalo watengenezaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wanalijua vizuri, na alifundishwa kusimama kimya mpaka mbega waliojificha juu waanze tena kula. Nyuma ya banda la ng'ombe alikuwa na kopo alilolifukia nusu ardhini. Kila iliponyesha alitumbukiza humo rula ya shule na kuandika milimita katika daftari. Siku aliyozaliwa mdogo wetu wa mwisho ameandika hivi: “Mtoto wa kike. Mvua 31. Mto umejaa.”

Kaka anaona kwamba kusoma habari za makopo na mbega kanisani ni kumshushia mzee heshima. Dada yetu, kwa upande wake, anataka tuweke kibao chenye jina lake kule Mandara, kituo cha wapandaji wa Mlima Kilimanjaro. Nami nina langu linalonisumbua zaidi: Jumamosi hizo zote mama alibaki peke yake na kahawa, ng'ombe na sisi watoto, na sijui kama ni haki kuusifu msitu mbele yake. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu: Pole sana, mwanangu. Usimwone kaka yako kuwa mpinzani, kwa sababu wazee wa ukoo wanahitaji kusikia ubatizo, ndoa na utumishi, na wasipoyasikia watanung'unika hadi wakati wa chakula. Yamalize hayo kwa dakika 1, kisha ufungue daftari na usome siku 3 au 4 kama zilivyoandikwa, bila kuzifafanua. Hiyo ya mvua 31 usiiache.

Mzigo Kichwani: Nimebeba mizigo njia ya Marangu kwa miaka mingi, kwa hiyo nijibu la kibao. Mandara, kwenye mita 2,720, ni ndani ya Hifadhi ya Taifa, na huko mtu haweki kibao wala hapandi mti kwa hiari yake; msitu wa mlima nao uliunganishwa na hifadhi mwaka 2005. Lipeni kiingilio mpande kwa siku moja: kutoka getini hadi Mandara ni mwendo wa saa 3 hivi kwa mtu asiye na haraka, na robo saa mbele yake kuna kreta ya Maundi, ambako mawingu yakiondoka mtaiona nchi tambarare hadi upande wa Kenya. Mti pandeni kihambani, shambani kwenu pale nyumbani. Mringaringa unafaa, kwani unaipa kahawa kivuli na maua yake meupe yanapendeza.

Tusichoshane: Samahani kwa kuwa tofauti na wenzangu, lakini mimi ningeacha habari za mbega zisimuliwe jioni, watu wakiwa wameketi na vikombe vyao. Kanisani si kila mtu alimpenda marehemu kiasi hicho.

Mama wa Kihamba: Mleta mada, swali lako la mwisho lingepaswa kuwa la kwanza, na mwenye jibu ni mama yako. Msomee rasimu kabla ya kumsomea mtu mwingine yeyote, na akikwambia ufute sentensi fulani, ifute bila kubishana.

Mleta mada: Nawashukuru wote. Jana jioni nilimsomea mama akiwa anachambua maharage, naye hakuinua uso mpaka nilipofika kwenye Jumamosi. Ndipo akaniuliza kwa nini sikuandika jinsi baba alivyokuwa akirudi. Nilikuwa nimesahau kabisa: alirudi jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kazi ambayo kijijini kwetu ilihesabiwa kuwa ya wanawake, akapita nao katikati ya wanaume waliokuwa wakinywa mbege na kumcheka, kisha akautua mbele ya banda na kumwambia mama akae chini, ng'ombe atawalisha yeye. Mama amesema niandike na jinsi walivyomcheka. Kaka amekubali, kwa sharti kwamba ubatizo utangulie.